Kiti cha Upande wa Baba

Binti alipotuambia kuwa kuna kijana anataka kuja nyumbani na wazee wake kuleta posa, mume wangu alifurahi mpaka akatuma soda dukani. Mimi pia nilifurahi, lakini soda ilipofika nilikuwa nimeshaanza kuwaza swali ambalo wageni wangeuliza kabla ya mengine yote. Upande wa baba atakaa nani?

Binti huyu nimemlea mimi, hapa Ngokolo, tangu akiwa na miaka minne. Ananiita mama. Kwa kuzaliwa ni mtoto wa mdogo wangu, na mimi ni mama yake mkubwa. Kwetu Wasukuma mama mkubwa hapokei ng'ombe wa mahari. Wanaokaa mbele kuwapokea ni watu wa baba, na kwa baba yake alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kukaa hapo: baba yake mdogo, shemeji yangu, aliyeishi Runzewe. Kila Krismasi alikuwa anakuja kumtazama mtoto wa kaka yake. Mimi nilimpikia, nilimpakulia, halafu nilikaa mbele yake na kuitazama mikono yake alipokula. Sijui kama ni mikono iliyomuua mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa Runzewe na mfanyabiashara mpole, mtu wa maneno machache. Alikuwa na duka la vifaa vya wachimbaji: sululu, nyundo, tochi, kamba, mabuti ya mpira. Nyuma ya duka ndiko walikoishi. Pia alikuwa na hisa kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, pamoja na mshirika wake mmoja mrefu ambaye ndiye aliyelisimamia. Mdogo wa mume huyo, yaani shemeji yangu wa Runzewe, alifanya kazi humo humo shimoni.

Mwaka ule mdogo wangu alikuwa na mimba ya pili inayomsumbua kwa kutapika. Akanipigia simu. "Dada, nisaidie na huyu mtoto mpaka nipate nguvu." Nilikwenda mwenyewe kumchukua, nikarudi naye Ngokolo. Ndiyo maana mtoto yuko hai leo.

Waliuawa jioni moja ya mvua kubwa. Mvua ya kule ikipiga mabati, watu wawili waliokaa meza moja hawasikilizani, kwa hiyo majirani kutosikia chochote si ajabu. Shemeji yangu ndiye aliyewakuta. Aliingia, akatoka nje akipiga kelele, watu wakaja. Pikapu ya jirani ikawapeleka hospitali, lakini walipofika wote wawili walikuwa wameshakufa.

Mimi nilifika kesho yake mchana, nikipitia Kahama, na mtoto mgongoni kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni usafi wa ile nyumba. Sakafu ilikuwa inang'aa. Vyombo vilikuwa vimeoshwa na kupangwa, mapazia yameanuliwa, yamefuliwa. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa ukumbini na kanga viunoni, macho mekundu kwa kukesha. Mmoja wao, mtu mzima, alinishika mkono.

"Mayu, tusingeweza kukuacha uingie mle jinsi mlivyokuwa," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Tumesafisha. Msiba hauwezi kupokelewa kwenye damu."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote, na mpaka leo siwezi kumlaumu. Lakini mpelelezi aliyekabidhiwa kesi, kijana aliyefika asubuhi ile maji yakiwa hayajakauka sakafuni, aliniambia baadaye kwamba alisimama mlangoni pale akajua kesi imemponyoka kabla hajavua koti la mvua.

Yaliyobaki ni haya. Daktari alisema walipigwa kichwani kwa kitu kizito chenye uso mdogo, nyundo au mfano wa nyundo. Duka lilijaa nyundo. Hakuna aliyeweza kusema kama imepungua moja, kwa sababu aliyejua hesabu ya duka lile ndiye aliyelala mochwari. Mlango haukuvunjwa. Mdogo wangu alikutwa jikoni, ungo wa mchele umemwagika pembeni yake, na mume wake sebuleni, chini, kati ya kiti na meza. Mezani palikuwa na mzani mdogo wa kupimia dhahabu. Dhahabu haikuwepo, ila hakuna aliyejua kama siku ile ilikuwepo. Sanduku la fedha za duka halikuguswa. Simu ya mume wa mdogo wangu haikuonekana.

Kisha vikombe. Mwanamke mmoja kati ya waliosafisha alikumbuka kwamba mezani palikuwa na vikombe vitatu vya chai. Mwenzake akasema viwili. Walikuwa marafiki, wamefagia chumba kimoja, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Mpelelezi aliwahoji mpaka wakagombana. Kama vilikuwa vitatu, basi mdogo wangu alimwandalia chai mtu aliyekuja kumuua, akarudi jikoni kuchambua mchele wa kumpikia. Kama vilikuwa viwili, huenda waliingiliwa na watu wasiowajua waliosikia habari za dhahabu. Vikombe vyenyewe vilikuwa kabatini, safi, vimefunikwa kitambaa. Nimevichukua. Viko kwangu mpaka leo, na sijawahi kuvinywea chai.

Watu walikuwa na nadharia zao. Wengi walisema ni kafara, kwamba mshirika yule mrefu alikwenda kwa mganga akaambiwa shimo linataka damu. Ni kweli kwamba baada ya msiba duara lile lilitoa dhahabu sana, na mshirika akajenga nyumba ya wageni. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, na nilijiuliza kitu kimoja tu: shimo lililochimbwa miaka yote ile, lingetoa lini kama si pale lilipoufikia mwamba wenye dhahabu? Kuhusu mshirika mwenyewe, alisema siku ile alikuwa Geita mjini, na watu wawili walimshuhudia. Wote wawili walikuwa vibarua wake.

Simu ya marehemu iliwashwa baada ya muda mrefu kidogo, ikiwa Kagongwa, mikononi mwa kijana anayebeba magunia ya mpunga. Alisema aliinunua mnadani kwa mtu mrefu aliyevaa kofia. Mpelelezi alipomwonyesha mshirika, kijana alimtazama sana, akasema hana uhakika. Shemeji yangu alikuwa mfupi. Hapo nilipumua. Halafu usiku wake nikawaza kwamba anayeua si lazima awe ndiye anayeuza.

Aliyekamatwa ni shemeji yangu. Simu ya mwisho ya kaka yake ilipigwa kwake, jioni ile ile. Yeye alisema aliitwa akaangalie jambo la duara, mvua ikamkamata njiani, akajibanza kwenye baraza la duka lililofungwa. Peke yake. Hakuna aliyemwona. Na shati alilovaa lilikuwa na damu ya kaka yake, maabara ya serikali ilithibitisha. Damu iliyotapakaa kifuani haikusema kitu, maana alimkumbatia mbele za watu. Lakini kwenye mkono wa shati, karibu na kifundo, palikuwa na matone madogo madogo yaliyoruka. Mtu aliyekwisha kufa, aliniambia mpelelezi, hatoi matone ya namna ile. Ama shemeji yako alikuwepo wakati wa kupigwa, ama alimkuta bado anapumua na kukohoa damu.

"Yeye amesema nini?" niliuliza.

"Kwenye maelezo yake amesema alimkuta anakoroma."

Siku ya mazishi nilikuwa nimekaa karibu na mama yao mzazi, na nilimsikia kwa masikio yangu shemeji huyo huyo akimwambia yule bibi: "Mama, nilimkuta ameshapoa. Hakuteseka."

Nilimwambia mpelelezi. Aliandika. Tangu siku ile, sentensi hizo mbili ndizo nimekuwa nikizipima, hii mkono huu, ile mkono ule. Ameshapoa. Anakoroma. Moja ni uongo, na mtu hadanganyi bila sababu.

Alikaa mahabusu miaka kadhaa. Kesi ilikuwa inatajwa na kuahirishwa, inatajwa na kuahirishwa. Mama yao alifariki yeye akiwa ndani. Hatimaye upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea, akaachiwa, akatoka amekonda na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Krismasi iliyofuata alikuja Ngokolo. Alisimama nje ya geti, hakuingia mpaka mume wangu alipomfuata.

"Shikamoo, dada," aliniambia.

"Marahaba."

Nilikuwa nimeapa kwamba sitamwitikia. Lakini mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika gauni langu, na yule mtu alikuwa na sura ya baba yake. Mtoto aliiona kabla sijasema chochote. Akatoka nyuma yangu akaenda kumwamkia.

Mpelelezi alihamishwa, lakini aliendelea kunipigia simu mara chache, hata alipokuwa mkoa mwingine. Nilimuuliza mara moja anaamini nini yeye, si kama askari, kama mtu.

"Mwalimu," alisema, "kila nilichokipata kinasimama upande wowote utakaokiegemeza. Ningekuwa na kimoja tu kinachokataa kuegemea, ningelala."

Basi tukaishi hivyo. Mume wangu alishika msimamo wake tangu mwanzo: mtu ambaye mahakama imemwacha, na sisi tumwache. Hakuwahi kubishana nami, ila shemeji akija, yeye ndiye aliyekaa naye na kucheka naye. Mimi nilipika. Mtoto alikua, akapelekwa shule, akasomea uuguzi. Nilimweleza mambo kidogo kidogo kadiri alivyouliza, lakini habari ya sentensi mbili sikumwambia. Nilisema nitamwambia akiwa mkubwa. Sasa alikuwa mkubwa, na wageni walikuwa wanakuja.

"Namtaka baba mdogo akae," alisema. "Nani mwingine?"

"Ngoja kwanza," nilimwambia. "Nina safari."

Nilikwenda Runzewe. Sikuwa nimefika tangu siku za matanga. Mji umepanuka, mahali palipokuwa na duka pana mtu anauza simu na vocha, na nyumba ya nyuma imevunjwa. Shemeji alikuwa amepanga chumba karibu na mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zile wanazoziita karasha, ambapo alikuwa akitengeneza pampu za maji. Kelele za karasha zilikuwa hazikomi. Aliponiona mlangoni alisimama ghafla, akashindwa kuongea kwa kikohozi.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Hapana. Mtoto anaolewa."

Alikaa chini taratibu. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye grisi. Akaanza kuniuliza habari za kijana, kabila lake, kazi yake, nikamkatisha.

"Shemeji, nimekuja na swali moja. Ukinijibu, nitakwenda."

"Uliza, dada."

"Mama yako ulimwambia ulimkuta kaka yako ameshapoa. Polisi uliwaambia alikuwa anakoroma. Lipi?"

Nilimtazama usoni na si mikononi, pengine kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa hai," alisema. "Alikuwa anakoroma, damu inamtoka puani na mdomoni. Nilimwinua, akanikoholea. Nikamwita, hakunijibu. Nikasikia jikoni kimya, nikaenda, nikamkuta dada yako. Yule alikuwa ameshakwenda. Nikatoka mbio kutafuta gari. Mvua ile, hakuna aliyefungua mlango. Nimegonga, nimegonga, mpaka wakatoka. Nilipomrudia na watu, alikuwa amenyamaza."

"Kwa nini ukamwambia mama yako vile?"

"Ningemwambiaje? Kwamba mwanawe alikuwa hai, mimi nikamwacha sakafuni peke yake nikaenda kugonga milango ya watu? Angeniuliza alikaa muda gani hivyo. Sijui alikaa muda gani. Ningebaki naye, walau angekufa kashikwa mkono."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa kiapo, hata kwa kufukuzwa. Hilo sikulitegemea. Lilikuwa jibu la mtu mkweli. Lilikuwa pia jibu ambalo mtu mwingine, aliyekaa mahabusu miaka kadhaa akiliwaza shati lile, angeweza kulitengeneza mpaka likakaa sawasawa. Matone ya mkononi yalipata maelezo, uongo wa mazishini ukapata maelezo. Hakuna kilichobaki nje. Na mimi, badala ya kutulia, nilijiuliza kwa nini hakuna kilichobaki nje.

"Kwenye meza kulikuwa na vikombe vingapi?" niliuliza.

"Vikombe?" Aliniangalia kama mtu asiyeelewa. "Dada, sikuona vikombe."

Nilipotoka alinisindikiza mpaka stendi, akaninunulia maji. Hakuniuliza kama atakaa kwenye kiti au hatakaa.

Niliporudi nilimketisha binti chumbani kwangu nikamweleza yote, bila kuacha kitu: mlango, nyundo, simu ya Kagongwa, shati, sentensi mbili, na jibu la Runzewe. Nilimtolea na vikombe. Alivishika kimoja kimoja, akavirudisha kwenye kitambaa.

"Wewe unaamini nini, mama?"

"Kuna siku naamini ni yule mshirika. Kuna siku naamini ni watu tusiowajua. Na kuna siku, akiwa amekaa pale anakula ugali wangu, naamini ni yeye."

"Leo?"

"Leo sijui."

Alifikiri. Mikono yake ilikuwa mapajani, kama anavyokaa na wagonjwa.

"Kama si yeye," alisema, "basi nimebakiwa na mtu mmoja wa baba yangu, na kila mtu amemtupa. Kama ni yeye, atakaa mbele yangu siku ile anitazame, na mimi nitamtazama. Acha akae."

Alikaa. Alivaa suti ya kuazima iliyomzidi mabegani. Wageni walitoka upande wa Kahama, watu wa heshima, wakasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye akawaitikia vizuri na kuzungumza kwa utaratibu, bila papara, kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Walipoafikiana, mshenga akauliza ng'ombe wapelekwe zizi gani. Kwa haki walikuwa wake.

"Wapelekwe kwa waliomlea," alisema. "Mimi sina zizi."

Wazee wakasifia. Mume wangu alishindwa kuzuia machozi. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na sinia, na wazo lililonijia nalionea aibu mpaka leo: kwamba hata hilo linaegemea pande mbili. Mtu mwema angesema vile. Mtu anayelipa deni lisilolipika angesema vile vile.

Binti alimtazama muda wote, kama alivyosema. Nilimuuliza baadaye aliona nini.

"Mzee mgonjwa," alinijibu.

Na kweli alikuwa mgonjwa. Mapafu yake yalikuwa yameharibika kwa vumbi la mawe na kwa yale ya mahabusu. Kiangazi kilichopita alilazwa, na binti akachukua likizo kwenda kumuuguza. Baada ya siku chache alinipigia. "Mama, kama unataka kumwona, njoo."

Nilikwenda, na sitajidanganya kwamba nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda kusikia. Nilidhani mtu akifika pale hana cha kuficha tena. Nilikaa kando ya kitanda chake, binti alipokwenda kupumzika nikakaa mimi. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Alinitambua. Aliniamkia kwa sauti dhaifu, nikamwitikia, nikamsogelea karibu kabisa ili nisipitwe na neno.

"Dada," alisema.

"Niko hapa. Sema."

"Nigeuze. Upande huu unaniuma."

Nilimgeuza. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Akanishukuru, akafumba macho. Nilisubiri. Baadaye aliomba uji, nikamnywesha vijiko viwili, cha tatu hakukimeza. Hakusema lingine nililoweza kulielewa, na siku iliyofuata, asubuhi, binti akiwa amemshika mkono, alikufa.

Tulimzika kwao, karibu na kaka yake na mdogo wangu, kwa sababu ndipo ukoo unapozika. Watu wachache walikuja. Binti alilia kama mtu aliyefiwa na baba. Mimi nilisimama kati ya makaburi yale, na nilipotakiwa kuweka udongo niliuweka.

Mpelelezi nilimpigia simu mwenyewe kumpa taarifa. Ameshaacha upolisi sasa, anafuga kuku. Aliuliza kama marehemu aliacha neno lolote. Nikamwambia hapana.

"Jalada litabaki wazi," alisema.

"Najua."

Mshirika yule mrefu bado yupo. Nilipopita Runzewe baada ya mazishi nilimwona amekaa mbele ya nyumba yake ya wageni, amezeeka, miguu imemvimba. Alinitambua. Aliinuka kwa shida kwenye kiti akanipa pole kwa kufiwa na shemeji, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Niliitazama ile mikono mpaka aliponiachia, nikaenda kupanda basi la Kahama.